Korea shule zafungwa, Mara madarasa yafurika: Nani hupanga idadi ya watoto?

KWA miaka kadhaa sasa habari zinazotoka Korea Kusini zimekuwa za aina moja. Shule za msingi za vijijini zinafungwa kwa kukosa wanafunzi wa darasa la kwanza, jeshi linapungukiwa na vijana wa kuandikishwa, na wodi za wazazi zinabadilishwa kuwa vituo vya kulelea wazee. Mwaka 2023 takwimu rasmi za nchi hiyo zilionyesha kuwa mwanamke mmoja angetarajiwa kuzaa wastani wa watoto 0.72 maishani mwake, kiwango cha chini kuliko cha taifa lolote kubwa duniani. Katika jiji la Seoul kiwango kilikuwa 0.55. Ili idadi ya watu isipungue, wataalamu wanasema wastani huo hauna budi kufikia watoto 2.1.

Habari hizo zinapofika Tanzania hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaozicheka, kwa kuwa taifa lenye viwanda vya magari na simu za mkononi limeshindwa jambo ambalo kijana wa Bunda analifanya bila semina. Na wapo wanaozichukulia kama hoja. Septemba 2018, akiwa Meatu katika Mkoa wa Simiyu unaopakana na Mara, Rais wa wakati huo, Dk. John Magufuli, aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango. Alisema ametembea Ulaya na kwingineko akajionea madhara yake, kwamba baadhi ya nchi zimebaki bila nguvukazi, na kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto wao. Mwaka uliofuata, akiwa nyumbani kwake Chato, alirudia wito huo na kuitaja China kuwa mfano wa taifa lililojengwa na wingi wa watu.

Miaka minne baada ya kauli ya Meatu, mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alizungumza akiwa katika Kanda hiyo hiyo ya Ziwa, mkoani Geita, na kuwasihi wananchi wapunguze kasi ya kuzaa, kwa kuwa shule na vituo vya afya haviwezi kujengwa kwa mwendo wa wodi za wazazi. Kanda moja, chama kimoja cha siasa, kauli mbili zinazokinzana. Swali la kujiuliza ni kama kuna familia iliyobadili idadi ya watoto wake kwa sababu ya mojawapo ya kauli hizo.

Mkoa wa Mara ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huo na watu 1,743,830. Sensa ya 2022 ikakuta watu 2,372,015. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 628,000 katika miaka kumi, na ingawa mipaka ya mkoa ina wahamiaji na wachimba dhahabu wanaoingia na kutoka, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilizaliwa humo humo. Utafiti wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 uliiweka Kanda ya Ziwa miongoni mwa kanda zinazoongoza kwa uzazi nchini, kwa wastani wa watoto zaidi ya sita kwa mwanamke, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.2. Utafiti wa 2022 ulionyesha wastani wa taifa umeshuka hadi 4.8. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa zaidi ya sita.

Haitoshi kusema kwamba watu wa Mara wanazaa kwa mila, kana kwamba mila ni hali ya hewa. Mila zenyewe zilikuwa na hesabu zake. Kwa mfugaji wa Kikurya, mtoto wa kiume alikuwa mchungaji na mlinzi wa ng'ombe, na wa kike alikuwa mlango ambao ng'ombe wengine wangeingilia. Mahari ya dada ndiyo iliyomwozesha kaka, hivyo boma lenye wana wengi wa kiume na mabinti wachache lilikuwa na tatizo la mtaji, na boma lisilo na mtoto wa kiume lilikuwa na tatizo kubwa zaidi, la mrithi. Ndipo Wakurya wakawa na utaratibu wa nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumuoa binti, binti huyo huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Mtu wa nje huona ajabu. Aliyemo ndani huona bima: jina halizimiki, shamba halichukuliwi na shemeji, na uzeeni kuna mtu wa kuteka maji.

Ilikuwepo pia hesabu ya makaburi. Kwa mujibu wa tafiti za serikali, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto 141 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mzazi aliyetaka kuzikwa na watoto wanne hakuwa mpumbavu alipozaa saba. Kufikia 2022 vifo hivyo vilikuwa vimeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo hayapati nafasi yake katika mijadala, na ni moja ya sababu kuu zinazopunguza uzazi popote duniani, kwa kuwa mzazi asiyetarajia kuzika haoni haja ya kuzaa akiba.

Historia ya mkoa huo inatoa mfano mmoja unaojulikana na wengi. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, wa Butiama, anatajwa katika historia kuwa na wake 22. Mwanawe Julius, aliyepelekwa shule Musoma akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akaendelea Tabora, Makerere na Edinburgh, alioa mke mmoja. Hakuna aliyemwekea sheria wala aliyempa matangazo ya uzazi wa mpango. Shule na dini vilibadilisha maana ya nyumba yenye heshima, na badiliko hilo lilichukua kizazi kimoja tu.

Safari kama hiyo, kwa hatua ndogo zaidi, inaendelea leo katika Nyakato, kata ya Manispaa ya Musoma (isichanganywe na Nyakato ya Mwanza yenye viwanda). Manispaa ilikuwa na watu 134,327 mwaka 2012 na zaidi ya 160,000 mwaka 2022. Wengi wa wakazi wa kata za namna hiyo wana mguu mmoja mjini na mwingine kijijini, Butiama, Bunda au Majita. Mwenzao aliyebaki kijijini ana shamba la mihogo na mtama, ana mbuzi, na mtoto wa miaka minane ana kazi ya kufanya tangu alfajiri. Mjini mtoto wa miaka minane hana kazi. Ana sare, viatu vyeusi, madaftari, hela ya kula shuleni na, kila mzazi anayejiweza anapoona wa jirani kaanza, ana twisheni.

Chumba ni cha kupanga. Mwenye nyumba, kabla ya kutaja kodi, huuliza mpangaji ana watoto wangapi. Maji ni ya bili, kuni zimegeuka mkaa wa kununua, na dagaa ambao kwa aliye mwaloni ni kitoweo cha bure, kwa aliye Nyakato hupimwa kwa kopo. Mama anayeuza samaki sokoni au kushona nguo hana likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mama siku 84 na mwajiriwa baba siku 3, lakini yeye hana mwajiri. Akijifungua, biashara inafungwa mpaka apate dada wa kazi au mama yake aje kutoka kijijini.

Takwimu za taifa zinakubaliana na picha hiyo. Mwaka 2022 mwanamke wa mjini nchini alitarajiwa kuzaa watoto 3.6 na wa kijijini 5.5. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha tofauti kubwa zaidi kwa kipato: 7.5 kwa wanawake wa kaya maskini kabisa na 3.1 kwa wale wa kaya zenye uwezo zaidi. Wasio na elimu ya shule walikuwa na wastani wa 6.9, waliofika sekondari 3.6. Watu hao wanasikiliza redio moja na hotuba zile zile za marais. Wanachotofautiana ni gharama ya kumlea mtoto na faida ya kumzaa.

Hapo ndipo Korea inapoacha kuwa kioja. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alikuwa akizaa wastani wa watoto sita, sawa na Kanda ya Ziwa ya miaka michache iliyopita. Nchi ilikuwa maskini, imetoka vitani, na mkulima wake alihitaji mtoto wa kiume wa kuendeleza ukoo na kuongoza ibada za wahenga kwa shauku ambayo mzee wa Tarime angeielewa bila mkalimani. Mwaka 1962 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi: vitanzi, vidonge, kufunga uzazi, na vikundi vya akina mama vijijini. Kufikia 1983 wastani ulikuwa umeshuka hadi kiwango cha kutosha kuwarithi wazazi tu, yaani kama watoto wawili. Itakuwa si haki kukana kwamba mpango huo ulisaidia. Lakini haukuwa peke yake. Ulikwenda sambamba na shule za wasichana, viwanda vilivyowaajiri na hospitali zilizookoa watoto.

Hata ile shauku ya mtoto wa kiume, iliyofikia kiasi kwamba mwaka 1990 walizaliwa wavulana 116 kwa kila wasichana 100 kwa sababu ya utoaji mimba wa kuchagua, ilififia. Leo uwiano umerudi kuwa wa kawaida. Wanaosema mila za Mara ni mwamba usiotikisika wangefaa kuutazama mfano huo.

Kilichotokea baada ya 1983 ndicho kinachopotoshwa katika hotuba. Serikali ya Korea iliacha sera ya kupunguza uzazi mwaka 1996. Tangu 2006 imefanya kinyume, kwa kutoa posho za watoto, ruzuku za malezi, mikopo ya nyumba na likizo za baba, na imetumia mamia ya trilioni za fedha yake ya won. Uzazi ukaendelea kushuka. Mwaka 2018 ulipita chini ya mtoto mmoja. Kama vidonge na vitanzi vingekuwa ndio sababu, kuviacha kungeleta nafuu.

Sababu zilizo wazi zaidi zinapatikana katika maisha ya kila siku ya Mkorea. Elimu imekuwa mashindano yasiyo na mwisho: mwaka 2024 takriban wanafunzi wanane kati ya kumi walikuwa wakienda masomo ya ziada ya kulipia, na wazazi walitumia zaidi ya won trilioni 29 kwa masomo hayo. Nyumba jijini Seoul haikamatiki kwa mshahara wa kijana. Mwanamke amesoma sawa na mwanamume, pengine kumzidi, lakini pengo la mishahara kati ya jinsi hizo ni kubwa kuliko la nchi nyingine tajiri, kazi ni za saa nyingi, na akizaa anatarajiwa aache kazi au abebe kazi mbili, ya ofisini na ya nyumbani. Kuzaa nje ya ndoa ni nadra mno, karibu mtoto mmoja kati ya ishirini, hivyo anayechelewa kuolewa anachelewa kuzaa, na asiyeolewa hazai. Mwaka 2023 bibi harusi wa mara ya kwanza alikuwa na wastani wa miaka 31 na nusu. Nchini Tanzania nusu ya wanawake huwa wameolewa kabla ya kutimiza ishirini.

Singapore, kisiwa tajiri zaidi, ilipitia njia hiyo hiyo kwa adabu ya kijeshi. Mwaka 1972 serikali iliwataka watu waishie watoto wawili, na aliyezidisha alilipa zaidi hospitalini na kurudishwa nyuma katika foleni ya nyumba na shule. Watu walitii haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1987 serikali ikageuka na kuwasihi wenye uwezo wazae watatu au zaidi. Kiwango cha 2023 kilikuwa 0.97.

Jambo la kuzingatia ni kwamba dola zenye nguvu kuliko Tanzania, zenye fedha na nidhamu ya utekelezaji, zilifanikiwa kuwaambia watu wapunguze pale tu watu wenyewe walipokuwa wameshaanza kutaka kupunguza, na zilishindwa kabisa kuwaambia waongeze. Mwaka 2024 uzazi wa Korea ulipanda kidogo hadi 0.75, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vijana walioahirisha harusi wakati wa korona walifunga ndoa.

Hilo halimaanishi kwamba Musoma itakuwa Seoul. Kuna tofauti moja kubwa ambayo haitajwi sana, nayo ni kuhusu nani anabeba mtoto. Korea ya leo imemwachia mama mmoja, katika ghorofa moja. Mara bado gharama inagawanywa: mtoto wa Nyakato anaweza kupelekwa kwa bibi Butiama hadi afike darasa la tatu, ada ya sekondari ikalipwa na mjomba aliye mgodini, na mpwa akaja kuishi na shangazi mjini ili asome. Kwa utaratibu huo anayezaa siye anayelipa peke yake, na ndiyo maana idadi inabaki juu hata wakati gharama inapanda. Lakini mtandao huo unakatika taratibu. Mjomba naye ana wake wa kusomesha. Shamba la bibi limegawanywa mara tatu.

Kenya, jirani anayegawana Wakurya na Tanzania pale Sirari, imeshatangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane, kiwango kilichokuwa kikitajwa kuwa cha juu kuliko vyote duniani. Mwaka 2022 kilikuwa 3.4. Huko pia serikali ilihubiri kwa miaka mingi bila mafanikio makubwa, mpaka ardhi ilipopungua na elimu ikawa ndiyo urithi pekee ambao mzazi angeweza kumwachia mtoto, tena urithi wa kulipiwa.

Upo basi ukweli unaowasumbua wanaosifia elimu bila ada iliyoanza Januari 2016. Mwaka huo huo Dk. Magufuli alisema kina mama sasa wanaweza kutupa vidonge, kwa kuwa serikali imeubeba mzigo wa ada. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ada ndiyo gharama yenyewe. Mzazi aliyeona darasa lenye watoto mia moja alielewa kwamba shule ya bure imemfungulia mlango, na kwamba ndani ya mlango kuna gharama nyingine: twisheni, bweni, au shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza na kuwachukua watoto kwa basi la njano. Elimu iliyopatikana kwa wengi ilizidisha hamu ya elimu bora, na hamu hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wa mijini waishie watatu.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hilo mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya wajumbe wa TANU. Alikiri kwamba nchi ina ardhi na kwamba ongezeko la watu si baya lenyewe, lakini akakumbusha kuwa katika kuzaa binadamu na mnyama wako sawa, na kwamba kulea na kusomesha kwa miaka mingi ndiko kunakomtofautisha mtu. Chama cha kwanza cha uzazi wa mpango nchini, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1959 na baadaye kujulikana kama UMATI, nacho kilibeba neno malezi katika jina lake. Kwa bahati mbaya mjadala wa leo umebaki na neno la kwanza tu.

Wakati viongozi wakibishana kuhusu wingi, yapo mambo mawili yasiyohitaji ubishi. La kwanza ni wasichana. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au ni wajawazito. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 ni kinyume cha Katiba. Katika wilaya ambako ng'ombe wa mahari bado ni mtaji, binti anayeolewa akiwa na miaka 15 hakuulizwa kama anataka watoto wawili au saba. Kuwaita watoto wake utajiri wa taifa ni kukwepa kumtazama usoni.

La pili ni wanawake watu wazima wanaotaka kupumzika na hawawezi. Tafiti zote mbili zilikuta zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano walio katika ndoa nchini anataka kuahirisha au kuacha kuzaa lakini hatumii njia yoyote. Wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16, na asilimia 31 mwaka 2022. Mstari uliokuwa ukipanda tangu miaka ya 1990 ulisimama, na ulisimama katika miaka ile ile ambayo matangazo ya uzazi wa mpango yaliondolewa redioni kwa agizo la wizara, Septemba 2018. Si rahisi kuthibitisha kwamba moja lilisababisha jingine, lakini si rahisi pia kuamini kwamba hayahusiani. Hotuba haikumfanya mama wa mjini azae watano. Ilichoweza ni kumpunguzia mama wa kijijini nafasi ya kusikia kwamba kuna kijiti.

Mwaka 2025 lilikuja pigo jingine, safari hii kutoka nje. Serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa uzazi wa mpango barani Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolitegemea. Sindano na vijiti, njia mbili zinazotumiwa zaidi na wanawake wa Tanzania, haviji na mvua. Sindano ya kawaida hudumu miezi mitatu, kisha mhusika hurudi zahanati, na kama hakuna dawa hupangiwa siku nyingine. Kwa anayekaa Nyakato, siku nyingine ni nauli ya bodaboda au safari ya duka la dawa. Kwa anayekaa ndani ya Butiama au Bunda ni kutwa nzima ya kutembea, na huenda ni mimba ya sita.